Somo la Mkulima: Kulima na Kuuza Nyasi Kavu, Kutoka Kamukuywa hadi Masoko ya Nje

Mwezi wa Januari, ukisimama kando ya barabara kuu kwenye soko la Kamukuywa, si ajabu kuona lori lililosheheni marobota ya nyasi likipita kuelekea Kitale. Ukiingia ndani ya vijiji saa hiyo hiyo, utakuta ng'ombe wa gredi amefungwa kwenye mti akitafuna mabua ya mahindi. Maziwa yamepungua, mwenye ng'ombe anatafuta nyasi za kununua, na bei anayotajiwa ni ya juu kuliko ile ya Agosti, wakati kila ukingo wa barabara ulikuwa wa kijani.

Hali hii hutokea kila mwaka katika Kaunti ya Bungoma na kwa majirani wetu wa Trans Nzoia. Mvua hunyesha kuanzia Machi hadi Oktoba au Novemba, nyasi huota hadi zikakosa mlaji, kisha Desemba hadi Februari jua hukausha kila kitu. Mkulima wa nyasi kavu huvuna katika miezi ya wingi, akaweka, akauza au akalisha katika miezi ya ukame.

Katika miaka ya karibuni wakaazi wengi wamekuwa wakiuliza maswali kuhusu zao hili. Je, ekari moja inalipa? Mbegu gani ipandwe? Na ni kweli kwamba Waarabu wananunua nyasi kutoka Afrika? Somo hili linajibu maswali hayo kwa mpangilio. Jambo moja litarudi mara kwa mara: bei ya nyasi yako huamuliwa zaidi na siku uliyoikata na uzito wa robota lako kuliko na mnunuzi uliyempata.

KWA NINI NYASI ILIMWE KAMA ZAO

Wengi wetu tumezoea kuona nyasi kama kitu kinachoota chenyewe. Kwa miaka mingi ng'ombe wa Bungoma wamelishwa nepia iliyopandwa kwenye kingo za shamba. Lakini mwaka 1997, ugonjwa wa kudumaa kwa nepia uliripotiwa hapa hapa Bungoma, mara ya kwanza nchini Kenya. Majani hugeuka manjano, shina hubaki fupi, na kila unapokata, nepia hurudi ikiwa dhaifu zaidi hadi kichaka chote kikafa. Ugonjwa huu huenezwa na mdudu mdogo arukaye kutoka jani hadi jani, na pia na sisi wenyewe tunapogawiana vipande vya mbegu bila kujua kwamba vimeambukizwa. Mkulima aliyetegemea nepia peke yake alijifunza kwa hasara kwamba malisho ya aina moja si akiba.

Tena nepia ni nzuri ikiwa mbichi au ikihifadhiwa kwenye shimo la saileji, lakini shina lake nene halikauki vizuri kwa robota. Nyasi inayofaa kukaushwa ni ile yenye shina jembamba na majani mengi. Kwa eneo letu, inayojulikana zaidi ni Boma Rhodes.

Nyasi ya Rhodes ina historia ndefu jirani na hapa. Watafiti wa malisho waliokuwa Kitale walichagua na kuboresha aina kadhaa za nyasi hii kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, ndiyo maana baadhi ya aina zake zina majina kama Masaba, Pokot na Mbarara. Kampuni ya Kenya Seed ya Kitale, ambayo leo tunaijua kwa mahindi, ilianzishwa mwaka 1956, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzalisha mbegu za nyasi kwa mashamba ya walowezi. Mahindi chotara yalikuja baadaye, miaka ya 1960. Kwa hivyo anayelima nyasi hapa hajaleta jambo geni. Anarudia kazi ambayo ardhi hii iliifanya kabla ya mahindi kuchukua nafasi yote.

ANZA NA HESABU YA BOMA LAKO

Kabla ya kufikiria soko, hesabu ng'ombe wako. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hula chakula kikavu cha takriban asilimia 3 ya uzito wake kwa siku. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji basi kilo 12 hivi. Robota la kilo 15 lililokauka vizuri linamtosha siku moja ikiwa hali kitu kingine. Akichanganyiwa na majani mengine, saileji au mabua, nusu robota hutosha.

Tuchukue mfano wa mama mwenye ng'ombe 3. Msimu wa kiangazi tuuweke siku 90. Kwa nusu robota kila siku kwa kila ng'ombe, atahitaji marobota 135. Kwa robota zima, atahitaji 270.

Sasa tazama shamba. Ekari moja ya Rhodes iliyotunzwa vizuri, ikapata mbolea na mvua ya kutosha, inaweza kutoa tani 3 hadi 6 za nyasi kavu kwa mwaka. Kwa marobota ya kilo 15, hiyo ni kati ya marobota 200 na 400. Kwa hivyo ekari moja inaweza kulisha ng'ombe wa mama huyu kiangazi chote na bado akabaki na kitu cha kuuza.

Usiharakishe kuuza yote. Tuseme ng'ombe anayekamuliwa lita 10 wakati wa mvua hushuka hadi lita 4 akila mabua makavu. Ikiwa lita moja ni shilingi 50, upungufu huo ni shilingi 300 kwa siku. Nusu robota, hata likiwa la shilingi 125, haliwezi kurudisha lita zote 6, lakini likirudisha lita 3 tu tayari umepata shilingi 150. Mara nyingi mnunuzi bora wa nyasi yako ni ng'ombe wako mwenyewe. Weka bei za kwako katika hesabu hii kabla ya kuita lori.

KUPANDA

Mbegu ya Rhodes ni ndogo mno na ina manyoya. Makosa mengi ya upanzi hutokana na kuitendea kama mbegu ya mahindi.

1. Andaa shamba mapema. Lima mara mbili, piga haro hadi udongo uwe laini, na uache magugu yaote kisha uyaharibu kabla ya kupanda. Nyasi changa haiwezi kushindana na magugu.

2. Pima udongo. Sehemu nyingi za Bungoma na Trans Nzoia zimelimwa mahindi kwa miaka mingi na udongo wake umekuwa na asidi. Kipimo kitakuambia kama unahitaji chokaa ya kilimo kabla ya mbolea.

3. Nunua mbegu iliyothibitishwa, yenye lebo na tarehe. Mbegu iliyovunwa juzi kwa jirani mara nyingi bado imelala na haitaota vizuri hadi miezi kadhaa ipite. Kwa ekari moja, kilo 4 hadi 6 za mbegu nzuri hutosha. Fuata maelezo ya lebo.

4. Panda mvua ndefu zikishatulia, kwa kawaida Machi mwishoni au Aprili. Changanya mbegu na mchanga mkavu au unga wa mbao ili isambae sawasawa. Unaweza kuimwaga kwa mkono au kuipanda kwenye mistari midogo ya kina cha sentimita 1 au 2. Ikizama zaidi ya hapo haitoki. Buruta tawi la mti juu ya shamba ili udongo uifunike kidogo tu.

5. Tumia samadi iliyooza au mbolea ya kupandia. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP kwa ekari ni kipimo cha kawaida, ila matokeo ya kipimo cha udongo ndiyo ya kufuatwa.

6. Palilia miezi miwili ya kwanza, na usiingize ng'ombe shambani msimu wa kwanza. Mizizi ikiwa bado michanga, ng'ombe huing'oa pamoja na majani.

Angalia pia viwavijeshi. Wakivamia nyasi changa wanaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Ukiona majani yameliwa pembeni au ndege wengi wameshuka shambani, kagua chini ya majani asubuhi na umpigie simu afisa wa kilimo wa wadi siku hiyo hiyo.

Shamba likishika vizuri, litakatwa kwa miaka mitatu, minne au zaidi bila kupandwa upya.

SIKU YA KUKATA

Hapa ndipo wakulima wengi hupoteza pesa bila kujua. Nyasi inapokua inaongeza uzito, na mkulima hufurahi kuiona ndefu. Lakini kadiri inavyokomaa, protini hupungua na shina huwa gumu. Rhodes changa, kabla ya kuchanua, huwa na protini ya asilimia 10 au zaidi. Ikishakomaa na kutoa mbegu inaweza kushuka chini ya asilimia 6. Kiwango cha asilimia 7 ni muhimu, kwa sababu chini ya hapo vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe, ambavyo ndivyo humeng'enya nyasi, hukosa lishe. Ng'ombe hula, tumbo linajaa, lakini maziwa hayaongezeki. Robota la aina hiyo halina tofauti kubwa na mabua ya mahindi.

Kata nyasi inapoanza kuchanua, yaani shina moja kati ya kumi linapokuwa limetoa ua. Kwa shamba jipya, hiyo huwa takriban miezi minne hadi mitano baada ya kupanda. Baada ya hapo, mvua ikiwepo, ni kila miezi miwili hadi mitatu. Acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10 ili nyasi ichipuke tena.

Ugumu wa eneo letu ni kwamba nyasi hufikia hali hii nzuri wakati mvua inanyesha kila alasiri. Mkulima wa Laikipia au Kajiado ana jua la kukausha. Sisi tuna mvua nyingi kuliko wao, hivyo nyasi tunayo, lakini siku tatu mfululizo za jua ni chache. Panga kazi yako hivi:

Mkato wa Juni hadi Agosti ulishe ukiwa mbichi au uutengeneze saileji, isipokuwa upate siku za jua za uhakika. Fuatilia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na usikate shamba zima kwa siku moja. Mkato wa mwisho, wa Novemba mwishoni au Desemba mwanzoni, ndio wa marobota ya kuuza. Hesabu nyuma miezi miwili hadi mitatu kutoka tarehe hiyo, na ukate mkato wa kabla yake Septemba, hata kama nyasi haijarefuka ulivyotaka. Ukiichelewesha hadi Oktoba, mvua itaisha kabla nyasi haijarudi. Ukiiacha isimame tangu Agosti, utafika Desemba na nyasi ndefu iliyozeeka.

Jihadhari na jambo moja zaidi. Wapo wanaoacha nyasi itoe mbegu, wanaivuna mbegu na kuiuza, kisha wanafunga mabaki kama nyasi ya kawaida. Kuuza mbegu si kosa. Kosa ni kumuuzia mfugaji mabaki hayo kwa bei ya nyasi bora. Kama wewe ni mnunuzi, fungua robota moja: ukiona vichwa vilivyopukutika na mashina ya manjano bila majani, unajua unachonunua.

KUKAUSHA NA KUFUNGA

Kata asubuhi umande ukishakauka. Tandaza nyasi nyembamba na uigeuze mara moja au mbili kwa siku. Kwa jua zuri, siku 2 au 3 hutosha. Nyasi ikauke bila kupoteza rangi yake ya kijani. Ikiachwa juani wiki nzima, majani hupukutika na vitamini hupotea.

Nyasi ya kufungwa isiwe na unyevu zaidi ya asilimia 15. Bila kifaa cha kupimia, tumia chupa ya kioo kavu yenye kifuniko. Kata nyasi vipande vidogo, tia chupani pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika mbili au tatu, kisha uache itulie. Chumvi ikishikamana na chupa au kufanya mabonge, nyasi bado ni mbichi. Ikibaki mikavu kama ulivyoitia, funga.

Si lazima uwe na trekta. Fundi seremala anaweza kutengeneza sanduku la mbao lisilo na sakafu wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Tandika kamba mbili za katani ndani, jaza nyasi ukiikanyaga kwa miguu hadi ishikamane, funga kamba, kisha inua sanduku. Nyasi ikikanyagwa vizuri, robota hufika kilo 15 hadi 20. Kwa ekari moja au mbili njia hii inatosha. Wenye mashamba yaliyopakana wanaweza kupatana tarehe moja ya kukata na kukodi mashine pamoja, kwa kuwa mwenye trekta haji kwa ekari moja.

KUHIFADHI

Marobota yakae chini ya paa, juu ya mbao au magogo yaliyoinuka kutoka ardhini, mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Karatasi ya nailoni iliyofunika nyasi moja kwa moja hukusanya jasho na kuleta ukungu. Nyasi yenye ukungu usiwape ng'ombe wala usiwauzie wengine. Huleta magonjwa, na vumbi lake huumiza mapafu ya mtu anayeibeba.

Nyasi iliyofungwa ikiwa mbichi ina hatari kubwa zaidi. Hujipasha joto yenyewe na inaweza kuwaka moto bila mtu kuiwasha. Katika wiki tatu za kwanza, ingiza nondo katikati ya rundo na uiache kwa dakika 15 hivi. Ukiitoa na huwezi kuishika kwa mkono, rundo liko hatarini. Usilifumue peke yako, maana hewa ikiingia ghafla linaweza kulipuka moto. Ita watu, andaa maji, na uarifu zima moto. Stoo ya nyasi isiwe karibu na jiko wala nyumba ya kulala.

KUUZA: UZA KWA KILO

Katika masoko yetu nyasi huuzwa kwa robota, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Robota la kilo 12 na la kilo 18 yanaweza kuuzwa yote kwa shilingi 250. Wa kwanza ameuza kilo moja kwa karibu shilingi 21, wa pili kwa karibu shilingi 14. Mnunuzi anayejua kazi yake hubeba mizani, na akikuta marobota mepesi leo hatarudi mwakani. Pima marobota 10 kutoka kila mkato, tafuta wastani, na umwambie mnunuzi uzito huo kabla ya kupatana bei.

Tufanye hesabu ya ekari moja, kwa bei za mfano tu. Tuseme umepata marobota 250 na umeuza kila moja kwa shilingi 250. Hiyo ni shilingi 62,500. Kukata, kukausha, kufunga na kamba tuseme ni shilingi 80 kwa robota: 20,000. Mbolea 9,000, palizi na kibarua kingine 6,000. Unabaki na 27,500. Sasa rudia hesabu hiyo bei ikiwa 150, kama inavyoweza kuwa ukiuza Septemba nyasi ikiwa kila mahali. Mapato ni 37,500, gharama ni ile ile 35,000, na unabaki na 2,500 kwa kazi ya mwaka mzima. Na hapo hatujaweka gharama ya mbegu na kulima ya mwaka wa kwanza, wala kodi ya shamba. Anayepata faida ni yule mwenye stoo ya kusubiri Januari.

Masoko ya karibu ni matatu. La kwanza ni majirani na vyama vya ushirika vya maziwa. Hakuna gharama kubwa ya usafiri, na mnunuzi anakujua. Chama kinaweza kumkopesha mfugaji nyasi na kumkata kwenye malipo ya maziwa, na wewe ukalipwa na chama.

La pili ni kaskazini. Barabara inayopita Kamukuywa ndiyo ile ile inayoendelea Kitale, Kapenguria, Lodwar hadi mpaka wa Sudan Kusini. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo kame, na zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa nchini. Wakati kama huo serikali na mashirika hununua nyasi kwa wingi, lakini huhitaji kiasi kikubwa kwa mara moja, uzito unaoaminika na stakabadhi. Mkulima mmoja wa ekari mbili hawezi kujaza lori. Kikundi chenye ekari 30 kinaweza.

La tatu ni kuvuka mpaka kwenda Uganda. Nyasi ni mazao ya mimea, na mimea haivuki mpaka bila ukaguzi. Shirika la KEPHIS ndilo hutoa cheti cha afya ya mimea, na mnunuzi wa upande wa pili naye hufuata masharti ya nchi yake. Uliza kabla ya kupakia lori, si ukiwa tayari umefika Malaba.

Na ukisafirisha nje ya wadi, lipia ushuru wa mazao unaotakiwa na udai risiti. Risiti hiyo ndiyo kinga yako kwenye vizuizi vya barabarani.

SOKO LA NG'AMBO: LIPO, LAKINI LINA MASHARTI

Ni kweli kwamba nchi za Ghuba hununua nyasi kwa wingi. Sababu yake ni maji. Mwishoni mwa mwaka 2015, Baraza la Mawaziri la Saudi Arabia liliamua kilimo cha malisho mabichi kisitishwe hatua kwa hatua, ili kuokoa maji ya chini ya ardhi yaliyokuwa yakiisha. Tangu kabla ya hapo kampuni zao zilikuwa zimeanza kutafuta nyasi nje. Mwaka 2014 kampuni ya maziwa ya Almarai ilinunua karibu ekari 10,000 katika eneo la Vicksburg, jimbo la Arizona nchini Marekani, ili kulima lusani na kuipeleka kwa ng'ombe wake Saudi Arabia. Sudan nayo, iliyo ng'ambo tu ya Bahari ya Shamu, imekuwa ikiuza lusani na Rhodes huko.

Je, mkulima wa Kamukuywa anaweza kuingia hapo? Tupige hesabu ya kontena. Kontena la futi 40 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 67. Robota la sanduku letu huchukua mita za ujazo 0.21. Hata ukiyapanga bila kuacha pengo, yataingia marobota 318 hivi. Kwa kilo 15 kila moja, hiyo ni chini ya tani 5. Wauzaji wakubwa hutumia mashine inayokandamiza robota mara ya pili hadi kontena hilo hilo libebe tani 20 na zaidi. Nauli ya meli hulipwa kwa kontena. Kwa hivyo kila kilo yako inasafiri kwa gharama zaidi ya mara nne ya kilo ya mwenzako, na kabla ya hapo imesafiri zaidi ya kilomita 800 kwa barabara hadi Mombasa.

Zaidi ya hayo, mnunuzi wa Ghuba hutaka nyasi ya kijani, isiyo na udongo, magugu wala ukungu, yenye kipimo cha maabara cha protini, na ya kiwango kile kile kila mwezi. Mara nyingi hutaka lusani kuliko nyasi ya kawaida.

Hii haimaanishi mlango umefungwa. Inamaanisha kwamba soko hilo ni la ushirika au kampuni yenye mashine ya kukandamiza, eneo kubwa lililo chini ya usimamizi mmoja, na mkataba uliosainiwa. Kwa mkulima mdogo, njia ya kufika huko ni kuzalisha nyasi ya kiwango cha juu, kuiweka katika kikundi, na kumuuzia mwenye uwezo huo.

Jihadhari na mawakala wanaotaka ada ya usajili ili wakuunganishe na mnunuzi wa Dubai, au wanaokuuzia mbegu kwa bei ya juu kwa ahadi ya kununua mavuno yote. Omba mkataba wa maandishi unaotaja kilo, kiwango, bei, tarehe na mahali pa kukabidhiana. Mwonyeshe afisa wa ushirika wa kaunti ndogo kabla ya kutia sahihi au kutoa shilingi.

MBOLEA, MAHINDI NA SHAMBA LA NYUMBANI

Kila robota linalotoka shambani linaondoka na rutuba. Tani moja ya nyasi yenye protini ya asilimia 8 hubeba takriban kilo 13 za nitrojeni. Hicho ndicho kiasi kilichomo kwenye mfuko mmoja wa kilo 50 wa CAN. Ukikata na kuuza bila kurudisha, mwaka wa kwanza utafurahi, wa pili utashangaa, na wa tatu shamba litajaa magugu. Weka mfuko mmoja wa CAN kwa ekari baada ya kila mkato mvua ikiwepo, na urudishe samadi kila unapoweza.

Mwisho, usigeuze shamba lote kuwa nyasi. Familia haili marobota. Anza na nusu ekari: sehemu yenye mteremko, sehemu ambayo mahindi yamechoka, au ukingo unaomomonyoka udongo, kwa sababu mizizi ya Rhodes hushika udongo vizuri. Andika kila shilingi iliyoingia na kutoka kwa mwaka mmoja. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia kama uongeze.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ng'ombe wetu kwa jumla watahitaji marobota mangapi kuanzia Desemba hadi Februari?
2. Tukitaka kukata mkato wa kuuza Desemba mwanzoni, mkato wa kabla yake uwe tarehe gani?
3. Nani ana paa linaloweza kuhifadhi marobota 300 hadi Januari, na tumlipe nini?
4. Wastani wa uzito wa robota letu ni kilo ngapi? Nani ana mizani?
5. Mwaka jana tulinunua nyasi kwa pesa ngapi, na pesa hiyo ingelima eneo gani?

Kilimo na ufugaji ni majukumu ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na ushauri wa afisa wa kilimo na mifugo wa wadi ni haki ya kila mkaazi. Peleka majibu ya maswali haya ofisini kwake kabla ya Februari kuisha. Mwezi huo bado kuna muda wa kupima udongo, kununua mbegu na kuandaa shamba kabla ya mvua ya Machi.